Sketi Ndani ya Bomba la Hita

Gari la marehemu baba mkwe wangu, Don Casimiro, lilikuwa na hita isiyoweza kupasha hata kidole. Lilikuwa peta, kama tunavyoyaita huku magari yale madogo ya mviringo yenye injini nyuma, maana yanafanana na kobe na hayana haraka. Mzee aliliendesha miaka kumi na tisa, ile ya mwisho akiwa amejifunga blanketi mbili. Alipofariki likaja kwangu, pamoja na blanketi zake na mjane wake.

Mama Saturnina hakunipenda, na sitajifanya kwamba mimi nilimpenda. Mimi ni camba, mtu wa Santa Cruz, kule kwenye joto. Siku binti yake Zenobia alipomwambia kwamba anaolewa na mimi, yeye aliuliza tu kama najua kuvaa soksi. Nimeishi kijijini kwao miaka mitatu, karibu mita elfu nne juu ya usawa wa bahari, na bado nikitembea haraka kichwa kinanipasuka na tumbo linachafuka. Ugonjwa huo wa hewa nyepesi unaitwa sorojchi. Wenyeji hawaujui, ila wanaujua vizuri kwa kututania.

Mwezi wa Mei tulikwenda mjini Oruro na mwanetu Wara, wa mwaka mmoja na nusu, akalia kwa baridi saa tatu nzima. Kilio cha Wara kinaingia mpaka kwenye fizi. Juni ilitubidi twende tena, kwa baba yake wa ubatizo, anyolewe nywele zake za kwanza. Juni maji huganda ndani ya ndoo jikoni.

"Mtoto anaganda na baba yake ana mikono miwili mizima," Mama Saturnina alisema, akimenya viazi.

"Hita nitaitengeneza mwenyewe, mama."

"Wewe? Juzi jiko limekushinda kuwasha."

Basi Ijumaa adhuhuri nikalitoa gari uani. Hita ya peta haitumii maji. Feni ya injini inasukuma hewa, hewa inapita kwenye makopo mawili ya bati yanayozunguka mabomba ya moto ya ekzosi, inachukua joto, inaingia kwenye mabomba ya chini ya milango na kutokea miguuni. Nikaamua kuifuata njia ya hewa hatua kwa hatua. Niliacha injini ipate moto, nikavuta kishikio kando ya handibreki, nikaweka kiganja kwenye matundu. Hakuna kitu. Nikaingia chini. Waya za kufungulia makopo zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Nikazitia mafuta, nikazivuta kwa plaizi hadi zikalegea. Bado hakuna kitu. Nikachomoa mpira wa feni, upepo ukanipiga usoni. Kwa hiyo hewa ilikuwa inaingia, ila haitoki. Nikafungua bomba linalotoka kwenye kopo la kulia, nikaingiza vidole, nikagusa kitambaa.

Hakikuwa kiota cha panya. Kilikuwa kimeshindiliwa kwa nguvu na kuzungushiwa waya mara tatu, kazi ya mtu aliyetaka kisitoke kamwe. Nilikivuta kikaja kirefu, sufu ya kijani. Upande wa kushoto ulikuwa umezibwa hivyo hivyo, kwa kipande kingine cha sufu ileile.

"Sketi yangu!" Mama Saturnina alipiga kelele kutoka mlangoni. "Miaka miwili naitafuta! Nilisema Primitiva kaniibia, dada yangu wa tumbo moja, hatusemezani mpaka leo!"

"Mzee ndiye aliyeziba hita nayo."

"Kwa nini?"

"Mumeo huyo, mama, si wangu."

"Alikuwa anasema hita inamtia usingizi." Akatikisa kichwa. "Casimiro kila kitu kilimtia usingizi. Hata mimi."

Tukacheka sote wawili, kwa mara ya kwanza tangu harusi. Nilifurahi mno, na kwa furaha hiyo sikuuliza zaidi. Kwenye mshono wa kopo la kulia kulikuwa na masizi meusi. Nilipopitisha kidole, kutu ikamomonyoka kidogo. Nikayafuta masizi kwa sketi ileile, nikarudisha mipira, nikakaza kila kitu. Hewa ya moto ikatoka, ina harufu ya kuungua, nikasema ni vumbi la miaka. Jioni nikaimwagia peta bia kwenye magurudumu yote manne kuibariki kwa safari, kama ilivyo desturi ya huku.

Jumamosi tuliondoka jua likiwa limeshachomoza. Mama Saturnina alikaa mbele kwa ajili ya magoti yake, Zenobia nyuma na Wara kwenye mbeleko. Mianya ya milango nilikuwa nimeiziba kwa magazeti ili joto lisipotee hata kidogo. Nilivuta kishikio. Dakika kumi hazikupita, blanketi zikatupwa pembeni.

"Sikilizeni," nikasema.

"Tusikilize nini?" aliuliza Mama Saturnina.

"Wara. Halii."

Akageuka kumtazama mjukuu wake, akageuka kunitazama mimi. "Haya, camba. Leo umefanya kitu."

Sijui niseme nini kuhusu furaha niliyokuwa nayo. Niliimba.

Tulipita Challapata. Zenobia alisema, "Baba Wara, usingizi huu mbona mzito," halafu akanyamaza. Kichwa changu kilianza kuuma, nikatia mdomoni majani ya koka, dawa ya sorojchi, kama siku zote. Mbele kidogo nikamwona Mama Saturnina anajisugua kipaji cha uso.

"Kichwa kinanigonga," alisema.

Nilicheka hadi usukani ukayumba. "Sorojchi! Karibu chamani, mama!" Nikamrushia mfuko wangu wa koka. "Tafuna polepole. Usipande ngazi mbio. Na soksi umevaa?"

Nilingoja tusi. Halikuja. Alikuwa ameushika mfuko bila kuufungua, na alipozungumza maneno yalitoka moja moja.

"Romulo." Miaka mitatu hakuwahi kuniita kwa jina. "Mimi nimezaliwa hapa. Mama yangu kazaliwa hapa. Hewa ya hapa haijawahi kuniumiza kichwa." Akavuta pumzi. "Casimiro alisema hita inamtia usingizi."

Nikatazama kioo cha ndani. Zenobia alikuwa ameegemea dirisha, mdomo wazi, mashavu mekundu. Wara sikumwona, mbeleko ilimfunika.

Sikumbuki kukanyaga breki. Nakumbuka nikimburuta Zenobia kwa makwapa mpaka kwenye ardhi iliyoganda, akaguna, akatapika. Wara alining'inia mikononi kama nguo iliyoloa. Nilimwita. Nilimpigapiga nyayo. Nilimwambia Mungu nitafanya lolote atakalo, nikawaahidi na miungu ya mama mkwe wangu pia. Mama Saturnina alikuja akitambaa kwa magoti yake mabovu, akamnyang'anya, akamfunua kifua kwenye upepo ule, akammwagia maji ya chupa yenye vipande vya barafu. Kimya. Akamshika paja kwa kucha mbili, akamfinya, akasokota.

Wara akavuta hewa, akalia.

Hakuna gari jingine lililopita. Ilitubidi tuendelee wenyewe. Mama Saturnina alikuwa amevaa sketi tano, moja juu ya nyingine, kama wanawake wote wa huku. Akavua ya ndani kabisa, ya waridi, akaichana kwa meno, akanipa vipande viwili.

"Ziba," akasema. "Kama alivyoziba yeye."

Nilirudisha kishikio, lakini sikukiamini tena; nililala chini ya injini nikashindilia na kufunga waya mara tatu. Pale nilipofuta jana, masizi mapya yalikuwa yamerudi, na sasa niliona mshono wote umeliwa na kutu na moshi wa ekzosi unaingia moja kwa moja kwenye njia ya hewa. Mzee aliliona hilo akaliziba bila kumweleza mtu. Mama Saturnina hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Kilomita themanini madirisha yote wazi. Vidole vyangu viligoma kuachia usukani. Zenobia, akitetemeka, alirudia neno moja tu, asilale, asilale, na kila Wara alipoanza kusinzia bibi yake alimfinya. Kilio kile nilichokitafutia dawa mwezi mzima, sasa niliendesha nikikisikiliza. Karibu na Poopó kilikatika.

"Mama!"

"Nafinya. Endesha."

"Mama, simsikii!"

"Endesha, mwanangu!"

Kisha akalia tena, na mimi nikalia naye mpaka Oruro.

Hospitali walimwekea Wara hewa puani. Nesi mmoja alipomvua suruali akaona mapaja yamevilia damu yote mawili, alama za kucha juu hadi chini. Akageuka, sauti imempanda.

"Nani amemfanyia mtoto huyu hivi?"

Mama Saturnina akafungua mdomo.

"Mimi," nikasema.