Maji ya Oktoba

Mwezi wa Januari mto Ljosna ulinywea hadi Gudlaug akaweza kuuvuka nusu yake bila kulowa kifundo cha mguu. Hilo peke yake halikumshtua. Wanaoishi chini ya bwawa la umeme wamezoea kuuona mto ukipanda na kushuka kwa amri ya watu wasiowajua. Kilichomkata maini ni kokoto alizokuwa akizikanyaga. Zilikuwa kavu, zimeganda kwa baridi, na chini yake yalikuwamo mayai ya samaki aitwaye samoni.

Na aliyesababisha samoni watage pale ni yeye mwenyewe.

Alikuwa mwenyekiti wa chama cha wenye mto, yaani wakulima ambao mashamba yao yanagusa maji, na tangu nywele zake zikiwa bado na rangi hakuwa na wimbo mwingine: Oktoba, samoni wanapopanda kutoka baharini kuja kutaga, mto ujazwe. Wakubwa wa kampuni ya umeme walimpiga chenga miaka nenda miaka rudi. Mwaka jana, bila mtu kutarajia, wakakubali. Aliyemletea habari ni mdogo wake Asbjørn, msimamizi wa milango ya bwawa. Wawili hao walikuwa hawasemezani kwa sababu ya kazi hiyohiyo. Siku ile Gudlaug alimkumbatia pale mlangoni, akamketisha, akampa kahawa na mkate wenye jibini ya kahawia, wakacheka mpaka machozi yakawatoka.

Mto ukajaa. Ukafunika ukingo mpana wa kokoto chini ya daraja, mahali ambapo samoni walikuwa hawajafika tangu bwawa lijengwe. Majike wakaja wakalala ubavu, wakachimba kwa mikia, wakataga, wakafukia. Bonde zima lilisimama darajani kupiga makofi. Torgeir, mfuga kondoo ambaye hamsifu mtu hata akifa, alimwita Gudlaug mama wa samoni. Maskini, akavimba kichwa, na nani asingevimba?

Sasa alimpigia simu mdogo wake.

"Njoo hapa ukingoni. Na sururu uje nayo."

Asbjørn alikuja na koti lake la kampuni, pua nyekundu kwa baridi. Hakuuliza sururu ilikuwa ya nini. Walizipiga kokoto hadi zikaachana, kisha wakafukua kwa mikono. Yai la samoni lililo hai lina rangi ya chungwa na hupitisha mwanga. Haya yalikuwa meupe pe, magumu. Wakafukua kiota cha pili, yakawa yaleyale. Kwenye cha tatu Gudlaug aliketi chini.

"Fungua maji, mdogo wangu. Hata kidogo tu."

"Maji gani, dada? Ziwa la bwawani liko chini. Maji ya kuyaokoa mayai sasa hivi ndiyo yale tuliyoyamwaga Oktoba."

Gudlaug alimtazama. Kulikuwa na kitu katika namna alivyojibu haraka, kana kwamba jibu alikuwa nalo tayari mdomoni.

"Ulijua."

Asbjørn akaanza kuifuta sururu ambayo haikuwa na uchafu wowote.

"Nilijua. Samoni anataga pale anapoyakuta maji siku hiyo. Yakiwa juu, anataga juu. Baridi ikikaza tunayabana, na mayai hayana miguu ya kuyafuata."

"Na ukanyamaza!"

"Ulikuwa umenifungulia mlango, dada. Miaka yote ile hata salamu ulininyima. Nikasema moyoni, acha nami nile mkate wa nyumbani siku moja. Nilidhani theluji itawahi kuzifunika kokoto, mayai yasigande. Haikuja."

Gudlaug alitaka kumtwanga kwa sururu ile. Alitaka pia kumshika mkono. Hakufanya lolote, maana aibu ilimzidi hasira. Hata kama Asbjørn angesema, asingemsikiliza. Angemwita kibaraka wa kampuni, kama alivyozoea.

Machi, chama kilipokutana katika jumba la shule, alisimama mbele akiwa na chupa ya mayai meupe.

"Oktoba ijayo tuombe mto uwe chini," alisema, "samoni watage katikati, mahali ambapo hapakauki. Na maji yatakayobaki ziwani tuyapate Januari."

Watu walitazamana. Torgeir akainuka polepole.

"Uwe chini? Masikio yangu yamezeeka, au? Tumepigania maji mpaka meno yametutoka, leo mama wa samoni anatuambia tuyakatae!"

"Nimefukua viota, Torgeir. Nimeona kwa macho yangu."

"Na mimi samoni niliwaona kwa macho yangu! Wamejaa tele! Lakini haya maneno siyo yako, bibi. Nasikia siku hizi kahawa mnakunywa wawili, wewe na mdogo wako wa kampuni."

Kicheko kikapasuka ukumbi mzima. Chupa ilizungushwa, watu wakaichungulia, na mwanamke mmoja akasema mto gani hauna mayai yaliyokufa. Gudlaug alieleza tena na tena, sauti ikamkauka. Kadiri alivyosema kweli ndivyo alivyoonekana amenunuliwa. Wakapitisha azimio la kuomba maji mengi kuliko ya mwaka jana, wakamshukuru kwa utumishi wake wa muda mrefu, kisha wakamchagua Torgeir mwenyekiti.

Kampuni ilikubali mara moja. Kwa nini ikatae? Kwenye magazeti ilisifiwa kwa kuwasikiliza wananchi.

"Nisamehe, dada," Asbjørn alisema kwenye simu Oktoba ilipofika, asubuhi ya kufungua milango. "Ni azimio lenu."

Maji yakapanda, yakafunika ukingo, na samoni wakaja nyuma yake. Watu walikuwa wamejaa darajani pale Gudlaug alipoingia mtoni na buti zake ndefu, mkononi ameshika kasia. Akaanza kuyapiga maji kwa nguvu zake zote, kulia na kushoto.

"Tokeni hapa! Nendeni katikati! Katikati!"

"Gudlaug!" Torgeir alipiga ukelele. "Umerukwa na akili? Unatufukuzia samaki!"

Wengine walicheka, wengine wakamzomea. Alilia waziwazi, na hakujali tena nani anamwona. Kisha akasikia mtu akiingia majini kando yake. Alikuwa Asbjørn na viatu vyake vya kazini, ameokota tawi la msonobari, naye akaanza kupiga.

Walipiga maji pamoja hadi mikono ikafa ganzi. Kila jike waliyemfukuza aliteleza hadi kwenye kina, akatulia huko kidogo, kisha akapita katikati ya miguu yao kurudi juu kuchimba.