Taa ya Kopo la Maziwa

Kila Jumapili wakitoka kanisani, Kache aliketi mlangoni akaisugua koroboi masizi kwa jivu, kisha akakata ncha ya utambi iliyoungua. Jumapili hiyo alikuwa hajaufikia utambi pale mumewe, Ngala, alipotoka ndani akaipiga teke. Koroboi ikabingirika, na mafuta yao ya wiki nzima yakanywewa na mchanga.

"Nani kaweka taa njiani?"

Ilikuwa pale inapokaa siku zote.

"Ni mimi, baba Kaviha. Niwie radhi."

"Haidhuru. Mafuta yenyewe ya vita, nusu maji. Chumba kina giza mchana na usiku. Nitaunda taa ya umeme."

Kache aliiokota koroboi. Miezi miwili nyuma, karakanani bandarini, maji makali ya betri yalimrukia Ngala machoni. Kwao, jicho lililoumia hutiwa maziwa ya mama anyonyeshaye. Kaviha alikuwa mchanga bado, basi Kache akamkamulia mumewe machoni siku saba, akimwambia hospitali ni ya wanaokufa. Siku ya nane Ngala akasema amepona. Tangu hapo Kache aliweka chumvi, kikombe na viatu mahali pale pale, na hakuuliza neno.

Ngala akaketi mkekani na kopo la maziwa, betri mbili za tochi, waya wa shaba na glopu ndogo. Akazilaza betri ndani ya gazeti alilolikunja kama bomba, kichwa cha moja kikigusa kitako cha nyingine, akazitia koponi. Waya mmoja ukatoka chini ukapanda hadi kwenye glopu. Wa pili ukatoka juu, ukaishia kwenye kipande cha bati cha kubonyeza ili kiiguse glopu. Vidole vyake havikukosea hata mara moja, na Kache akajikuta anatabasamu.

Phineas, jirani aliyefanya kazi naye, akachungulia mlangoni. "Fundi! Waunda taa ya manowari?"

"Ya kukumulika wewe ukidokoa ugali wa wenzio."

Phineas akacheka. "Kesho usinishike bega njiani kama bibi harusi, tuwahi. Nyaya kubwa za winchi ni zako. Bwana mkubwa kasema umeme hauzimwi, meli za vita hazingoji."

"Nitaziunga."

Kicheko cha Phineas kikapotelea uani. Kache akaufunga mlango. Dirisha lilikuwa limezibwa kitambaa cheusi kwa amri ya vita, na chumba kikawa kiza.

Ngala akabonyeza bati. Glopu ikawaka, mwanga mnyonge, mwekundu kama kaa linalokaribia kufa.

"Mh," akasema. "Haishiki."

Akafungua kila kitu. Akazigusisha ncha za waya ulimini. "Betri nzima hizi, zinawasha." Akaukwangua waya kwa meno, akaunga upya, akabonyeza. Ikawaka. Akafungua tena. Mara ya tatu jasho lilikuwa likimtiririka shingoni.

"Glopu imekufa."

Mapajani mwa Kache, Kaviha alinyoosha mikono kuelekea kwenye mwanga, akacheka.

"Anacheka nini?"

Kache alikuwa na jibu jepesi. Angesema ndiyo, imekufa, na Ngala angelala na heshima yake. Asubuhi vidole hivyo vingeingia kwenye nyaya za winchi.

Akakishika kidole cha mumewe, akakiweka juu ya kioo cha glopu. Kioo kilikuwa na joto.

"Inawaka, baba Kaviha," akasema. "Imewaka tangu mara ya kwanza."

Ngala hakukiondoa kidole. Kaviha alicheka tena, na baba yake akaugeuza uso kuufuata ule mlio, akaupita kidogo.

"Kache," akasema, "sioni. Hata wewe sikuoni."