Treni ya Mheshimiwa Karvinen

Kwetu Tanzania mtu akishaonja uwaziri, hata wa wiki mbili, ni Mheshimiwa mpaka anaingia kaburini. Euphrasia alilelewa hivyo kule Makambako, na kuja kwake Marekani kutunza wazee hakukumbadilisha hata kidogo. Alipoambiwa kwamba mzee Tapio Karvinen, anayeishi Herndon kwa binti yake Outi, aliwahi kuwa waziri wa uchukuzi wa Ufini, alipiga pasi sare yake mara mbili. Asubuhi ya kwanza alisimama mlangoni, mikono ameikusanya mbele.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, binti," mzee akajibu, maana ujanani alifundisha hesabu katika shule ya misheni huko Njombe. Euphrasia nusura alie. Miaka yote aliyokaa ugenini, hakuna mgonjwa hata mmoja aliyewahi kumwitikia.

Wakashibana. Akili ya mzee ilikuwa inakuja na kuondoka, Kiingereza kilishamtoka, lakini Kiswahili kilibaki. Akiogeshwa alisimulia umande wa Njombe na viazi vya kuchoma, na Euphrasia akajisikia yuko jikoni kwa mama yake. Shida ilikuwa moja. Kila alipoitwa Mheshimiwa, mzee alisimama, akatafuta koti, akasema anakwenda kuwaeleza wananchi. Siku moja aliponyoka mpaka barabarani, magari yakampigia honi.

"Akitoka tena, nitampeleka nyumba ya wazee," Outi alisema, huku analia.

"Wananchi gani hao anaowataka?"

Outi akaeleza. Baba yake alikuwa diwani, akawa mbunge, kisha waziri, na hata alipokuwa waziri hakutaka gari la serikali. Alipanda tramu kwenda wizarani kama karani yeyote. Halafu uchumi ukayumba, serikali ikabana matumizi, naye ndiye aliyetia saini kuifunga reli ya mji alikozaliwa. Aliahidi kwenda stesheni kuwaeleza watu wake ana kwa ana. Aliona aibu, hakwenda. Uchaguzi uliofuata walimnyima kura, na siasa yake ikaishia hapo.

Euphrasia alimpigia simu Waringa, Mkenya anayefanya naye kazi hiyo hiyo.

"Sasa wewe kila morning unamrudisha ofisini, halafu unashangaa akitoroka," Waringa alisema. "Mwite guka tu."

"Waziri mzima nimwite babu?"

"Kwani alikuambia bado anataka kuwa waziri?"

Maneno hayo yalimchoma. Kumbe heshima yake yote ile ndiyo iliyokuwa inamtesa mzee wa watu, na kesho ingeweza kumtoa nyumbani kwa mwanawe. Alijichukia.

Alimwomba Outi ruhusa, na jioni iliyofuata akampeleka mzee kwa gari mpaka Manassas, stesheni ya treni za wafanyakazi wanaorudi kutoka mjini. Makambako watu hawakuhitaji mgeni ili waende stesheni. Treni ya TAZARA ikikaribia, walivaa vizuri wakaenda kuipokea, basi. Utotoni Euphrasia alikuwa anashikwa mkono na mama yake, naye sasa alimshika mzee mkono.

Treni ikaingia, ikasimama. Watu wakateremka na mabegi yao, wachovu, wanatazama simu. Mzee aliwaangalia mmoja mmoja mpaka wa mwisho.

"Haikufungwa," alisema polepole.

"Haikufungwa, babu." Neno hilo lilikuwa zito mdomoni, lakini lilitoka.

Alingoja aone kama atatafuta njia ya kukimbia. Mzee hakusogea. Alikuwa anatabasamu, machozi yanamtoka, wala hakujisumbua kuyafuta.

"Basi yule waziri alikuja akawasikiliza."

Euphrasia hakuzoea kudanganya wazee. "Alikuja," akasema.

"Nilidhani ataona aibu." Treni ilianza kuondoka, mzee akaipungia mkono. "Mtu mwema yule. Wewe ulimjua?"

"Namjua, babu," Euphrasia akasema, akainama kumfunga vifungo vya koti.