Ngumi Kabla ya Jibu

Tangu atume maombi ya kujiunga na chuo cha filamu, Kimya alikuwa hanyooshi bati, analiua. Kaka yake, mwenye gereji, alimpa mlango wa teksi uliobonyea kidogo tu, akaurudisha umetoboka.

"Mdogo wangu, mlango huu umekukosea nini?"

Kimya alitoa simu kwa vidole vya grisi, akaitazama, akairudisha mfukoni. Usaili ulikwisha zamani. Chuo kilisema kitapiga, hakikusema lini. Mtu akimsalimia ghafla alishtuka kama mwizi.

Aliyemwelewa ni mmoja tu, Chiriku, binti wa shangazi yake, aliyekua naye kitanda kimoja. Waliomba pamoja, kila mmoja na filamu yake fupi, wakapanga kukaa chumba kimoja chuoni. Kimya alipopiga yake, Chiriku alimshikia taa. Chiriku alipopiga yake, Kimya alimshikia kamera.

Mchana mmoja Chiriku aliingia gereji mbio, viatu mkononi.

"Wamenipigia! Nimepata, Kimya, nimepata!"

"Na mimi?"

"Wewe hawajasema kitu." Furaha ilikuwa imemlevya, akacheka. "Labda namba yako wameipoteza!"

Kimya hakujua nyundo ilimtoka mkononi vipi. Alichojua ni kwamba ngumi yake imetua mdomoni kwa mtu anayempenda. Chiriku alirudi kinyumenyume, akajikwaa kwenye jeki, akatema jino. Akalitazama pale chini. Kisha akamrukia. Alimkamata nywele, akamgongesha paji la uso kwenye boneti, bati likalia, akamgongesha tena. Kimya akamng'ata mkono, asiuachie mpaka alipoonja chumvi ya damu. Wakabingirika kwenye oili, wakachaniana nguo, wakapigana mateke ya mbavu bila hata tusi moja, na ukimya huo ndio uliomtisha kaka. Alipojitosa kuamulia, kiwiko kikampasua juu ya jicho.

"Mnauana! Watoto wa nyumba moja, mnauana!"

Ilibidi awamwagie ndoo ya maji ndipo wakaachana.

Kwenye zahanati muuguzi aliwashona wote watatu, mmoja baada ya mwingine, akiwasonya. Chiriku alifungua mdomo wake uliovimba mara moja tu.

"Nilikukimbilia wewe kwanza. Hata mama nilikuwa sijamwambia."

Kimya alitamani apigwe tena.

Chiriku alikwenda chuoni bila kumuaga. Jibu la Kimya lilikuja baadaye, ujumbe mfupi kwenye simu: hakuchaguliwa. Ajabu, hakuvunja kitu. Alimaliza kazi iliyokuwa mbele yake, akanawa mikono, akaenda kwa shangazi. Shangazi alimwacha mlangoni mpaka miguu ikafa ganzi, kisha akampigia bintiye, akamkabidhi Kimya simu.

"Nimekosa," Kimya alisema.

"Umekosa chuo, au umenikosea mimi?"

"Vyote viwili."



"Wameniwekea jino la bandia. Nikiongea haraka linapiga mluzi."

Kimya alicheka huku machozi yakimtoka. Chiriku hakucheka.

"Omba tena mwakani," alisema. "Filamu yako ilikuwa nzuri. Ila ukipata, tafuta chumba chako. Mimi bado nakuogopa."

Simu ikakatika. Kimya akamrudishia shangazi kwa mikono miwili.