Pirohi za Daria

Daria alipofariki mwishoni mwa baridi, aliacha kwenye friza mfuko mmoja wa pirohi, zile sambusa za kuchemsha za viazi na jibini alizokuwa akizitengeneza kwa mkono. Orest, mumewe, akaapa hazitaguswa mpaka mkesha wa Krismasi, usiku ambao Waukraine wa mji wa Dauphin, Kanada, humtengea marehemu sahani yake mezani. Alitaka ale naye mara ya mwisho.

Friza ilikaa kwenye banda la gari, kama za majirani wote. Soketi yake ilikuwa kuukuu, na siku theluji ilipoyeyuka kwenye gari ikalowesha sakafu, Orest akapigwa shoti. Binti yake Larissa, mkali kama mama yake, akaja na soketi mpya.

"Baba, unataka kukaangwa kama samaki? Hii umeme ukivuja inakata. Tena inajipima yenyewe kama bado nzima."

"Hata mimi daktari hajanipima," Orest alinung'unika. "Haya, funga, fundi wa kujitangaza."

Na kweli ikajipima. Kiangazi hicho ikajikuta mbovu, ikakata umeme kama ilivyoundwa kufanya, ikabaki inawashawasha taa yake nyekundu. Yeyote ambaye angeingia angeiona. Hakuingia mtu.

Jumamosi moja Larissa alifuata baiskeli yake ya zamani, harufu ikampokea mlangoni. Aliposikia ukelele, Orest alijikongoja mpaka pale, akafungua friza, akapiga magoti.

"Baba, siku zote hizi hukuingia humu?"

"Sikuingia."

"Na gari je?"

"Naliacha nje. Nikiiona friza nitaifungua, nikiifungua nitazila. Najijua, mwanangu. Nikaona afadhali nisikanyage kabisa."

Utamkasirikia mzee huyu, halafu hasira zitakuisha zenyewe. Aliziozesha kwa kuzipenda mno.

Ndani ya mfuko pirohi zilikuwa zimeshikana donge moja lenye ukungu. Daria alizoea kuzibana kingo kwa dole gumba, mkunjo baada ya mkunjo, na Orest alilipekua donge lile akitafuta hata ukingo mmoja uliosalimika. Haukuwepo.

"Ni mimi niliyeifunga ile soketi," Larissa alisema huku akilia.

"Wacha hayo. Ulikuwa unaniokoa." Orest alijifuta uso kwa kiwiko. "Mama yako alikufundisha kuzibana?"

Larissa alitikisa kichwa.

"Kila mwaka alikuwa ananiita, baba. Namwambia nina kazi, na pirohi zimejaa tele madukani."

Orest alitaka kumwambia si neno. Lakini lilikuwa neno, na uongo ulimshinda. Akamvuta binti yake wakaketi sakafuni, wakamlilia Daria kwa sauti, kuliko walivyomlilia kanisani.