Mlinzi wa Daraja

Kicheko kilipolipuka mezani, fundi viatu alijua kiumbe wake amefaulu. Jumapili hiyo alasiri, kama ilivyokuwa desturi, rafiki zake watatu walikuwa sebuleni kwake wakicheza mchezo wa safari za kubuni: yeye msimulizi, wao mashujaa, kete ndizo hakimu. Viumbe vya kitabu cha mchezo vilikwisha kuwachosha, akaamua kubuni wa kwake: Mlinzi wa Daraja, mzee asiyekumbuka lolote, anayeuliza swali lilelile hadi wasafiri wakate tamaa.

"Mmemwona mke wangu?" fundi aliuliza kwa sauti nyembamba yenye mikwaruzo, shingo kaipinda. "Ametoka sasa hivi tu."

"Tumeshakujibu, babu!" Dereva wa lori, mmoja wa wale watatu, alipiga meza, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Mmemwona mke wangu?"

Wakaangua kicheko tena. Fundi alipoinua macho, mkewe alikuwa mlangoni na sinia la chai. Hakucheka. Sauti ile aliijua: ilikuwa ya baba yake, aliyehamia kwao tangu kumbukumbu zianze kumvuja kama maji kwenye pakacha.

"Endelea," alisema taratibu. "Baba anasikiliza."

Kweli, mzee alikuwa nyuma yake, kashikilia ukuta. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa amemchukulia mzee sauti, shingo, hata marehemu mkewe, bila kuomba. Na lililomchoma zaidi ni namna alivyoyapata hayo yote: akikaa naye asubuhi, akimjibu kwa upole, huku sikio likichuma maneno na sauti yake.

Mzee alivuta kiti, akaketi. "Huyo mtu wenu anamtafuta mkewe?"

"Ndiyo, baba," fundi alijibu.

"Maskini. Na hapo darajani anakaa na nani?"

Fundi alikuwa amempangia mlinzi nguvu, silaha na namna ya kushindwa, hilo hakulifikiria.

Dereva wa lori alikohoa, akaziweka kete chini. "Shujaa wangu havuki tena," alisema, bila kumtazama mtu. "Anakaa naye."

Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akamgeukia mkwewe. "Na wewe, mwanangu?"

Mke alikuwa akizunguka meza na birika. Alimmiminia baba yake, akawamiminia wageni. Alipofika kwenye kikombe cha mumewe, alisita, birika mkononi.

"Mjibu," alisema.