Mtungi wa Mukantwari

Mtungi ulikuwa umefunikwa kwa majani matatu ya mgomba na kufungwa kwa kamba ya mgomba, na Uwamwezi alikuwa amejiwekea sharti la kutoufungua kabla ya saa tatu asubuhi ya Ijumaa. Saa tatu ilipofika akakata kamba. Akainua jani la kwanza, akainua la pili, na kabla hajagusa la tatu akasikia sauti. Ilikuwa sauti ndogo, kama ya mafuta yanayotaka kuchemka kwenye kikaango cha jirani. Alipolitoa lile jani la tatu, povu jeupe likapanda polepole hadi kwenye mdomo wa mtungi, likakaa pale, likapasuka kiputo kimoja kimoja.

Harufu aliijua. Alikuwa ameivuta utoto wake wote kule Rwimbogo, katika nyumba ya mama yake, kabla hajaolewa na fundi viatu wa Kamembe na kusilimu. Ilikuwa harufu ya ikigage, pombe ya mtama.

Lakini hakuna aliyepika pombe. Kilichopikwa kilikuwa ubushera, kinywaji kitamu cha mtama ambacho hata mtoto wa chekechea hupewa. Mtama ule ulitoka kwa kaka yake Uwamwezi, magunia mawili. Wanawake wa pande zote mbili za mudugudu, kijiji chao, waliuloweka pamoja, wakauchanganya na majivu, wakauotesha chini ya majani, wakauanika, wakausaga. Jumatano waliupika katika uwanja wa Uwamwezi kwa sufuria kubwa za msikiti, zile za pilau ya ndoa. Alhamisi asubuhi, ulipopoa, wakaumimina katika mtungi. Hayo yote aliyaona kwa macho yake. Basi alisimama na jani mkononi, maji ya jani yakimtiririka hadi kiwikoni.

"Maman Mukantwari," aliita, bila kupaza sauti. "Njo uone."

Mtungi ulikuwa wa Mukantwari, na nyumba ilikuwa ya Mukantwari, mjane wa upande wa juu, ule unaopakana na Gihundwe. Mtungi huo mkubwa, unaomfika mtu kiunoni, uliazimwa kwake kwa sababu wazee kwenye mkutano walikataa katakata kinywaji cha Umuganura, sherehe ya kuonja mavuno, kinywewe kutoka katika pipa la plastiki. Mukantwari alikuja akijifuta mikono kwenye kitenge. Akainama, akachovya kidole, akakilamba. Uso wake ukabadilika, kwanza kwa furaha ya mtu anayejua kazi yake, halafu kwa hofu.

"Imeshakuwa ikigage," alisema. "Tena ile ya muzuri."

Uwamwezi akamuuliza aliusafisha mtungi kwa kitu gani. Kwa maji, alisema Mukantwari, maji mengi, mara tatu, kisha akauinamisha juani siku mbili. Kwa ndani, kule tumboni, hakuusugua? Mukantwari akamtazama kana kwamba ameulizwa kama huwa anampiga mama yake. Hakuna mpika pombe anayesugua tumbo la mtungi wake. Chachu hulala mle, katika vinyweleo vya udongo, na ukiisugua umeua bahati ya nyumba. Miaka ishirini alikuwa anaushika mtungi hivyo, na mama yake kabla yake. Alipoambiwa asafishe, alisafisha kama mpika pombe anavyosafisha. Na Uwamwezi, aliyezaliwa katika nyumba yenye mtungi kama ule, hakufikiri kuuliza.

Uwamwezi akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa.

Maana si suala la kinywaji tu. Mwaka uliopita, siku ya Umuganura, upande wa juu ulikaa kuzunguka mitungi ya ikigage, na Waislamu wa upande wa chini wakakaa peke yao na chupa zao za Fanta, kando kabisa, migongo imegeuzwa. Waliondoka kabla ya ngoma. Mwaka huu Shema, katibu mtendaji wa kagari, eneo la midugudu kadhaa, ambaye watu wote humwita Gitifu kwa cheo chake, alisimama kwenye mkutano wa Jumanne, majuma matatu kabla ya sherehe, akasema kwamba yeye hana haja ya sherehe mbili katika uwanja mmoja. Kama mudugudu huu hauwezi kunywa pamoja, mwakani kila upande ufanye yake, na kamati zigawanywe vilevile. Uwamwezi, mkuu wa mudugudu, alisimama mbele ya watu mia mbili akasema watakunywa mtungi mmoja. Upande wa chini ukaguna. Mama mmoja wa soko la nguo akasema kwa sauti ya kutosha kusikika kwamba aliyezaliwa na pombe haachi kuwatafutia wenzake pombe. Watu wakacheka. Ndipo Mzee Mudathiru, fundi cherehani, mzee wa msikiti anayeheshimiwa na wote wawili, aliyemcheka na aliyechekwa, akamuuliza swali moja tu: je, anatoa neno lake kwamba hakutakuwa na tone la pombe? Uwamwezi akatoa neno lake. Basi mzee akasema siku hiyo atakunywa yeye wa kwanza, na wanaomwamini wamfuate.

Gitifu Shema alifika saa tatu na nusu, viatu vimeng'aa, simu mbili mkononi. Alisikiliza akiwa amesimama. Akachungulia mtungini, akarudi nyuma hatua moja, akatazama saa. Mgeni wa wilaya alikuwa anatoka Kamembe mjini. Angefika saa nne na kuondoka saa tano kamili kwenda sherehe nyingine Bugarama. Adhuhuri ilikuwa na sala ya Ijumaa. Hakukuwa na nafasi ya kupika upya, alisema, na hata kama ingekuwepo, mgeni hawezi kuambiwa angojee uji kama mgonjwa wa hospitali. Kisha akapunguza sauti, akawa mpole, na upole wake ndio uliomtisha Uwamwezi zaidi. Akasema kinywaji kilikuwa cha siku moja tu. Kikitiwa sukari kilo mbili na povu likienguliwa, kitakuwa na uchachu kidogo, na ubushera wote una uchachu.

"Maman Uwamwezi, nani atajua?"

Shema akaongeza kwamba yeye hamlazimishi, ila akumbuke ni nani aliyeahidi. Akatoka nje kupiga simu.

Uwamwezi alipogeuka kumtafuta Mukantwari, hakumwona. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na kitenge chake cha kazi hakikuwepo kwenye msumari. Amekimbia, Uwamwezi aliwaza, ameniachia mtungi wake na aibu yake. Akachukua kata, akaengua povu. Aliliengua lote, akalimwaga kwenye shina la mpapai. Akarudisha jani moja juu. Wanaume wanne wakaja na machela ya mianzi, wakaubeba mtungi wakiimba, na yeye akawafuata nyuma kama mtu anayefuata jeneza la mtu asiyemjua vizuri.

Uwanja ulikuwa umejaa. Vumbi la Agosti lilikuwa limemwagiwa maji tangu asubuhi, likakauka, likamwagiwa tena. Meza ilikuwa na vikapu vya mahindi, maharage, viazi vitamu, mchele wa Bugarama katika ungo mpya, na mashada ya mtama yamefungwa utepe. Upande wa chini walikuja wengi kuliko alivyotarajia: wanaume na kanzu zao za sala tayari, wanawake na mitandio, na hawakukaa kando. Walikaa katikati, mikeka imechanganyika, mama wa soko la nguo yuko bega kwa bega na muuza makaa wa juu, wanabishana juu ya bei ya vitunguu. Uwamwezi aliwatazama mmoja mmoja. Hicho ndicho alichokitaka mwaka mzima, na kilikuwa kimekaa mbele yake juu ya mikeka, kinasubiri kudanganywa.

Mgeni alifika na dakika ishirini za kuchelewa. Hotuba zikafupishwa. Watoto wakapewa maziwa kama desturi inavyotaka, kila mmoja akaambiwa akue. Gitifu akasema kwenye kipaza sauti kwamba mudugudu huu leo unafundisha wengine umoja, na akataja jina la Uwamwezi, na watu wakapiga makofi. Yeye alikuwa amesimama kando ya mtungi, kibuyu mkononi, akihesabu pumzi zake. Alijiambia ni uchachu tu. Alijiambia kwamba Mungu anajua nia. Halafu akajiuliza: Mungu anajua, lakini mzee hajui; je, ni haki kumfanya asijue?

Mzee Mudathiru akaja polepole, kofia yake nyeupe imenyooshwa kwa pasi. Akafunua jani mwenyewe, akachota kwa kata, akajaza kibuyu ambacho Uwamwezi alikishika. Mzee akasema bismillahi, akainua kibuyu hadi kidevuni.

Uwamwezi akaweka kiganja chake juu ya mdomo wa kibuyu.

"Mzee, usikunywe," alisema. "Imekuwa pombe."

Kipaza sauti kilikuwa karibu, na maneno yakaenda hadi kwa watoto waliokuwa wameparamia ukuta. Kisha kelele zikaanza, kwanza za upande wa chini. Mama wa soko alisimama na mkeka wake. Gitifu akauzima ule mtambo kwa mkono wake mwenyewe. Uwamwezi akaongea bila kipaza sauti, na alilazimika kusema mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sauti haikutoka: mtungi ulikuwa wa kupikia ikigage, chachu ilikuwa imelala ndani, aliujua mtungi wa namna hiyo tangu utoto na hakuuliza, na alipokuta povu saa tatu asubuhi alilificha. Hakumtaja Mukantwari.

"Saa tatu," alisema Mzee Mudathiru. "Na sasa ni saa tano kasoro robo."

"Ndiyo, Mzee."

Mzee akamimina kibuyu chini, taratibu, mpaka tone la mwisho, akamrudishia. Hakusema amesamehe na hakusema hakusamehe. Mgeni wa wilaya alikuwa ameshasimama. Dereva wake alikuwa amewasha gari. Alimpa Gitifu mkono, akampungia mkono mkuu wa mudugudu kwa mbali, na vumbi likafunga nyuma yake. Shema akampita Uwamwezi bila kumtazama, akasema tu wataonana mkutano wa Jumanne.

Mikeka ilikuwa inakunjwa. Hapo mtoto mmoja wa ukutani akasema kuna moshi nyuma ya msikiti, moshi mwingi. Wakageuka. Njiani walikuwa wanakuja wanawake sita, wawili wawili, kila jozi imebeba sufuria kwa mti uliopitishwa kwenye vipini, na mbele yao Mukantwari, uso umejaa majivu, nywele zimetoka kwenye kitambaa, anawafokea wasimwage. Hakuwa amekimbia. Alikuwa amechukua unga wa mtama uliobaki na wake wa akiba, akaenda moja kwa moja kwa wanawake wa msikiti kuomba sufuria na kuni, akawaambia ukweli wote, na wao wakamwashia moto kabla hawajamaliza kumtukana.

Wakaziweka chini. Ulikuwa uji, mzito, wa moto, unaotoa mvuke katika jua la saa tano. Hakuna aliyesogea. Mama wa soko alikuwa bado ameshika mkeka chini ya kwapa.

Mzee Mudathiru akasogea, akainama juu ya sufuria ya kwanza, akanusa kama mtu anayekagua kitambaa.

"Hii ilipikiwa mu nini?"

"Mu sufuria yenu, Mzee," alisema Mukantwari. "Ya ndoa ya binti yako. Nimeisugua na muchanga mpaka mikono imetoka damu, lakini iliki imekataa kutoka."

Mtu akacheka nyuma, halafu mwingine. Mzee hakucheka. Alinyoosha mkono, na Uwamwezi akaelewa, akaenda kukiosha kibuyu kwa maji na sabuni, ndani na nje, mbele ya macho yao, akakileta. Mzee akachota mwenyewe, akapuliza, akanywa, akaungua ulimi na kukunja uso.

"Kinaunguza," alisema. "Kaeni chini, mutakunywa polepole."

Mama wa soko akakunjua mkeka wake. Hakuutandaza mahali pale pale. Aliusogeza mbele kidogo, karibu na sufuria. Kibuyu kikazunguka, kikatoka kofia hadi rozari hadi mtandio, kila mtu akipuliza na kulalamika kwamba ni mwendawazimu gani hunywa uji wa moto kiangazi. Mtungi ulibaki peke yake katikati ya uwanja na jani lake moja. Vijana watano wa upande wa juu walikuwa tayari wamejitolea kuurudisha nyumbani kwa Mukantwari, kwa adabu nyingi ambayo mama zao hawakuwahi kuiona, na Mzee Mudathiru akawaambia wasubiri mpaka yeye aingie msikitini, asije akaulizwa ameshuhudia nini.

Mukantwari akaja kusimama kando ya Uwamwezi. Akauliza kwa nini hakumtaja. Uwamwezi akasema kwamba mtungi ulisafishwa, na yeye ndiye hakuuliza ulisafishwa namna gani. Mukantwari akafuta majivu kwenye shavu, akayasambaza zaidi.

Kibuyu kilipofika kwao kilikuwa kimepoa na kuweka utando juu. Simu ikatetemeka ndani ya mtandio wa Uwamwezi. Jina lilikuwa la Gitifu. Aliitazama ikitetemeka. Akaondoa ule utando kwa kidole, akanywa mpaka nusu, akampa Mukantwari nusu iliyobaki, akangoja amalize. Ndipo akapokea.